Baruti, Joto na Namba .375

Anayeingia porini Tanzania kumwinda mbogo, tembo au kiboko haruhusiwi kubeba bunduki yenye kipenyo kilicho chini ya .375. Namba hiyo ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 9.5 hivi. Askari wa wanyamapori wanaijua, na wageni wanaokuja na bunduki zao huelezwa kabla hawajapanda ndege. Wengi hudhani ilichaguliwa kwa kuangalia ukubwa wa mnyama tu. Ukiifuatilia historia yake unakuta mkono wa siasa za wakoloni, na juu ya siasa unaikuta baruti yenyewe, hasa tabia yake ya kubadilika penye joto.

Kabla ya miaka ya 1880 baruti ilikuwa moja tu, ile nyeusi ya mkaa, kiberiti na shura. Hata ukiishindilia kiasi gani, risasi yake haivuki sana kasi ya mita 500 kwa sekunde. Aliyetaka nguvu zaidi hakuwa na njia ila kuongeza uzito wa risasi, na risasi nzito ilidai mtutu mpana. Waingereza walizitaja bunduki hizo kwa idadi ya goroli zinazopatikana katika ratili moja ya madini ya risasi. Bunduki ya nne, kwa hiyo, ilirusha goroli ya robo ratili, yaani gramu 113.

Frederick Selous, kijana wa Kiingereza wa miaka 19, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 na kwenda kuwinda tembo katika nchi ya Wamatabele akiwa na bunduki za aina hiyo zilizotengenezwa na Hollis wa Birmingham. Baruti aliibeba ikiwa wazi ndani ya mfuko wa ngozi, akawa anaichota kwa kiganja na kuimimina mtutuni. Siku moja bunduki iligoma kulia. Msaidizi wake, bila kujua, akashindilia shehena ya pili juu ya ile ya kwanza, na ilipolia ilimtupa Selous chini na kumuumiza vibaya. Baadaye aliandika kwamba alijuta kuzitumia bunduki hizo, kwa jinsi teke lake lilivyomwachia woga wa kufyatua uliomharibia shabaha. Huyu ndiye Selous aliyeuawa vitani Beho Beho, Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na ambaye pori la akiba lilibeba jina lake hadi sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Kwetu Afrika Mashariki bunduki ziliingia kwa wingi kupitia Zanzibar, zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe. Kisha ukaja mwaka 1890. Mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichozuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini. Gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango. Pwani yetu yote iko ndani ya eneo hilo.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mkataba ulitiwa saini wakati uleule ambapo Ulaya ilikuwa inaachana na baruti nyeusi. Mwindaji wa Kizungu akavuka kwenda zama mpya, na mwindaji wa Kiafrika akafungiwa katika zama za mdeki. Gobore halikudumu vijijini kwa sababu ya ukaidi wa watu wetu. Lilidumu kwa sababu sheria iliwaachia hilo tu, na wahunzi wakajifunza kulitengeneza wenyewe. Mwenye gobore hupima baruti yake, huweka risasi yake, huishindilia na kuvika fataki. Ufundi wa kujaza risasi kwa mkono, ambao leo Wamarekani wanaandikia vitabu vinene, ulikuwa kazi ya kila siku ya wasasi wetu, kwa vifaa duni na kwa hatari kubwa ya mtutu kupasuka usoni.

Zama mpya zilianzia Ufaransa. Mwaka 1884 mkemia Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel ya milimita 8. Waingereza walijibu mwaka 1889 kwa kodaiti, kazi ya Frederick Abel na James Dewar. Mwindaji hakufunikwa tena na wingu jeupe linalomficha mbogo aliyejeruhiwa. Mwaka 1898 nyumba ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 yenye uzito wa gramu 31 na kasi ya mita 650 hivi kwa sekunde. Uzito huo haufiki theluthi ya goroli ya Selous, lakini risasi ilikuwa ndefu, imevikwa ganda gumu la metali, na ilipenya mfupa wa tembo kwa namna ambayo goroli haikuweza.

Hapo ndipo joto lilipoingia katika hesabu. Kodaiti iliyopimwa katika ubaridi wa Uingereza huwaka kwa ukali zaidi ikishindishwa juani. Shinikizo ndani ya mtutu hupanda, ganda la shaba huvimba na kung'ang'ania kuta za chemba. Bunduki ya mitutu miwili inayokunjwa katikati haina nguvu kubwa ya kulichomoa ganda lililokwama, na ganda likikwama mbele ya mnyama aliyejeruhiwa, mwindaji amebaki na rungu ghali. Malalamiko hayo yalitoka India na Afrika, na mafundi wa London waliyasikia. Walitengeneza maganda makubwa kupita kiasi ili kodaiti ipate nafasi na shinikizo libaki chini. Wakauza pia risasi za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Anayeishangaa risasi ya .470, yenye ganda la milimita zaidi ya 80, au ile ya .416 ambayo Rigby aliitoa mwaka 1911, anatazama jibu la swali la hali ya hewa.

Na hiyo .470 nayo, inayosifiwa hadi leo na wawindaji wa kulipwa, ilipata soko lake kutokana na hofu ya watawala. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya India ilipiga marufuku kipenyo cha .450, ikiogopa risasi hizo kuwafikia waasi wenye bunduki za zamani za Martini-Henry. Sudan nayo ikawa na katazo kama hilo. Mafundi wa London wakakimbilia namba jirani: .465, .470, .475, .476. Hakuna kati ya hizo iliyomzidi mama yake kwa jambo la maana.

Wajerumani walishika njia nyingine. Mwaka 1905, mwaka ambao vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Umatumbi, fundi Otto Bock wa Berlin alitoa risasi ya milimita 9.3 iliyoingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser bila kulazimu mtambo mkubwa wa gharama. Bunduki ya mitutu miwili ya London ilikuwa mali ya matajiri. Ya Bock ilikuwa ya mlowezi wa kawaida katika makoloni ya Wajerumani, na naiona kuwa risasi yenye busara kuliko zote za enzi ile: nzito ya kutosha, nafuu, na teke lake linavumilika.

Mwaka 1912 Holland & Holland wakatoa .375 yao. Risasi yake nzito ni ya gramu 19.4, kasi yake mita 770 hivi kwa sekunde. Ganda lake ni refu na limechongoka taratibu kuelekea mdomoni, umbo lililolifanya lichomoke kwa urahisi hata kodaiti ikipata joto. Inaenda mbali kiasi cha kumfikia pofu ng'ambo ya mbuga, na kwa karibu inamwangusha mbogo. Ndiyo maana sheria, zilipotafuta kiwango cha chini, ziliishika namba hii.

Wapinzani wa kiwango hicho hawakosi kumtaja Walter Bell. Mskoti huyu aliwinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na katika maisha yake aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 tu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo hasa, na alichagua risasi ndefu zilizovikwa chuma kigumu ambazo hazikupinda ndani ya mfupa. Ujuzi wake siubishi. Lakini tembo wa Karamoja wakati ule walikuwa hawajazoea kuwindwa na bunduki, naye Bell alikuwa mlengaji wa aina yake. Kumfanya kipimo cha kila mtu ni kuwahukumu wengine kifo, na kumwacha mnyama akiteseka siku nyingi na jeraha. Tena elfu moja ile ilikuwa biashara ya pembe. Siioni kuwa rekodi ya kujivunia.

Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, kilicholisha karibu bunduki zote kubwa za Kiingereza, kiliachana na risasi hizo. Makoloni yalikuwa yamepata uhuru na soko limepungua. Pengo lilijazwa na Winchester ya Marekani kwa .458 iliyotoka mwaka 1956, yenye risasi ya gramu 32 ndani ya ganda fupi la milimita 64. Ganda lilikuwa fupi mno kwa kazi iliyotarajiwa. Baruti ilishindiliwa humo kwa nguvu, na risasi zilizokaa muda mrefu zilikuta baruti yao imegandamana na kuwaka ovyo. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haikufikiwa porini. Jack Lott, mwindaji na mwandishi wa Kimarekani aliyejeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959, aliamua kutafuta kitu bora. Mwaka 1971 alichukua maganda ya .375, akayapanua yapokee risasi ya .458, akapata nafasi kubwa zaidi ya baruti. Kazi hiyo ilianza kwa mikono, na viwanda vilikuja kuikubali baadaye.

Wenye bunduki za zamani za mitutu miwili walikuwa na shida nyingine. Fundi wa London alipounganisha mitutu hiyo alipiga risasi, akalegeza lehemu, akasogeza, akapiga tena, mpaka yote miwili ikapiga mahali pamoja kwa aina moja tu ya risasi. Badilisha kasi, na mtutu wa kulia na wa kushoto huachana njia. Kynoch walipoacha, kila mwenye bunduki hiyo alilazimika kujijazia: kusafisha ganda lililotumika, kulirudisha umbo, kuweka fataki mpya, kupima baruti kwa mizani na kukaza risasi mdomoni, kisha kwenda kupiga ili aone mitutu imekubaliana. Jim Bell wa Marekani alianza kutengeneza maganda mapya, Woodleigh wa Australia wakatoa vichwa vya risasi vya umbo lile la zamani, na katika miaka ya 1990 jina la Kynoch likafufuliwa Uingereza. Bila watu hawa bunduki nyingi zingebaki mapambo ya ukutani.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Lakini risasi kubwa haziko mikononi mwa watalii pekee. Tembo anapovamia mashamba, au mbogo aliyejeruhiwa anapoingia kijijini, anayekwenda ni askari wa wanyamapori na risasi alizopewa ghalani. Ninaowaomba wasome historia hii ni wale wanaoagiza na kutunza risasi hizo. Wasizilaze kwenye kontena la bati linalopigwa jua mchana kutwa. Waandike tarehe ya kila shehena, na wafyatue chache za kila shehena kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kuzigawa. Zilizozeeka ziondolewe, hata kama boksi halijafunguliwa.