Kipande

Mkenya akipoteza kitambulisho husema, "Nimepoteza kipande." Hutamka neno hilo bila kuwaza kwamba limetoka shingoni mwa babu yake. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole, kabila, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mzungu hakukibeba. Mhindi naye hakukibeba.

Kilifutwa mwaka 1947, ila ubaguzi haukwenda nacho. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walihakikiwa na kupewa kadi za rangi ya waridi. Mnubi wa Kibera, ambaye babu yake kazikwa papo hapo, kwa miaka mingi aliketishwa mbele ya jopo athibitishe Ukenya wake, huku jirani yake akipita bila kuulizwa. Ni dhuluma. Afisa wa usajili, kijana wa Kinubi akifika dirishani pako, mwombe cheti cha kuzaliwa kama unavyowaomba wenzake, kisha umpe kipande chake.