Mlango wa Nyuma: Usawiri wa Uovu katika Riwaya za Kigothi za Enzi ya Malkia Victoria

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili aliwajua baadhi ya waandishi wa mwisho wa enzi ya Malkia Victoria kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1929 ilitolewa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, na mwaka uo huo ikatolewa Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya R. L. Stevenson. Katika riwaya ya Haggard uovu una makao mahsusi. Umo barani Afrika, katika nafsi ya mfalme Twala na ajuza Gagool, na Waingereza watatu ndio wanaousafiria na kushiriki katika kuukomesha. Hata hivyo, miezi michache tu baada ya riwaya hiyo kuchapishwa, Januari 1886, Stevenson alitoa Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, hadithi ambamo uovu unaishi London, katika nyumba ya daktari mwenye heshima zake.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba riwaya za kigothi za kati ya mwaka 1886 na 1897 zinasema mambo mawili yanayopingana. Katika usawiri wa wahusika, zinaubandika uovu kwenye mwili wa mtu mwingine. Katika msuko, zinadhihirisha kwamba uovu huo umefunguliwa mlango, umelipiwa na kusitiriwa na watu waungwana. Mhakiki anayekomea kwenye usawiri ameisoma nusu tu ya kazi.

Kutoka kasri la mbali hadi mtaa wa London

Utanzu huu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ulianza mwaka 1764, Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto. Yeye, na baadaye Ann Radcliffe katika The Mysteries of Udolpho (1794), waliuweka uovu katika makasri ya Italia, katika karne zilizopita na miongoni mwa Wakatoliki. Msomaji Mprotestanti wa Uingereza alitishika huku akijua kwamba yu salama.

Kufikia miaka ya 1880 umbali huo ulikuwa umepungua sana. Charles Darwin alikuwa amekwisha kudai, katika The Descent of Man (1871), kwamba binadamu ametokana na viumbe wa chini yake. Naye Cesare Lombroso, daktari wa Kiitalia, alidai mwaka 1876 kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na kwamba hutambulikana kwa umbo la fuvu na uso wake. Nadharia ya Lombroso ilikwisha kukanushwa, lakini wakati huo ilichukuliwa na wengi kuwa ni sayansi. Iliwapa watu wa tabaka la kati faraja kubwa: mwovu hujulikana kwa kutazamwa, na aliye nadhifu hana haja ya kujichunguza.

Hyde na hundi ya Jekyll

Kwa mtazamo wa kijuujuu, Stevenson anaifuata nadharia hiyo. Hyde ni mfupi, ana nywele mikononi, na kila amwonaye humchukia papo hapo. Lakini tukichunguza kwa makini tutaona kwamba hakuna shahidi hata mmoja anayeweza kuutaja ulemavu wake. Wote wanasema kuna jambo. Hakuna anayesema ni jambo gani. Ubaya wa Hyde, basi, unakaa zaidi katika hisia za wanaomtazama kuliko katika umbo lake.

Kinachoonekana wazi ni nyumba. Upande wa mbele, nyumba ya Jekyll ni ya kitajiri na ya kupendeza. Upande wa nyuma, kwenye kichochoro, kuna mlango uliochakaa, usio na kengele. Hizi si nyumba mbili, ni moja. Hyde anapomkanyaga mtoto wa kike njiani, anaingia kwa mlango huo na kutoka na malipo ya kuwanyamazisha jamaa wa mtoto, jumla pauni 100, sehemu kubwa ikiwa ni hundi yenye sahihi ya mtu mashuhuri. Wakili Utterson na jamaa yake Enfield, baada ya kuzungumza habari hiyo, wanaahidiana kutoitaja tena. Uovu unalindwa na adabu ya waungwana. Isitoshe, Jekyll mwenyewe anakiri kwamba kilichomgawa ni jinsi alivyotaka kuonekana mbele za watu kuliko ukubwa wa makosa yake.

Uso usio na doa

Oscar Wilde aliipindua kabisa hoja ya Lombroso. Katika The Picture of Dorian Gray, iliyotoka katika jarida mwaka 1890 na kama kitabu mwaka 1891, mwovu ana uso mzuri usiozeeka, na dhambi zake zinaandikwa kwenye picha iliyofungiwa katika chumba cha juu. Watu wanaosikia uvumi juu yake wanautazama uso huo na kuukataa ushahidi.

Kejeli ya historia ni kwamba jamii iliyosawiriwa hivyo ilimgeukia mwandishi. Katika kesi za mwaka 1895 riwaya hiyo ilisomwa mahakamani kama ithibati ya tabia ya Wilde, naye akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu chini ya sheria ya mwaka 1885. Mahakama ilitafuta mwovu mmoja wa kutolewa nje ili nyumba ionekane safi.

Mgeni aliyealikwa

Dracula ya Bram Stoker (1897) yaelekea kuwa pingamizi kubwa kwa hoja yetu, kwani humo uovu ni mgeni dhahiri kutoka Transylvania. Mina Harker hata anamtaja Lombroso kwa jina anapomweleza mwovu huyo. Hatuwezi kusahau muktadha. Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wamehamia London, na wakati wa mauaji ya Whitechapel mwaka 1888 baadhi yao walishukiwa bila ushahidi. Mwaka 1905 Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji. Usawiri wa uovu kama sura ya mgeni haukuishia vitabuni.

Hata hivyo, ni nani aliyemleta Dracula? Ni wakili kijana wa Kiingereza, Jonathan Harker, aliyesafiri hadi kasri la mteja kukamilisha ununuzi wa nyumba huko Purfleet. Mnyonya damu anaingia Uingereza kwa hati halali na ada ya wakili. Nao wanaomwinda wanavunja nyumba yake ya Piccadilly mchana kweupe, kwa kuwa fundi wa kufuli na polisi hawawezi kumshuku bwana mwenye cheo kama Godalming. Mwishoni Harker anakiri kwamba katika lundo la karatasi zao hakuna karibu hati hata moja ya asili, ila nakala walizozipiga chapa wenyewe. Ushahidi wote umetoka kwa upande mmoja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya hizi haziwezi kusomwa kwa kuuliza tu mwovu anafananaje. Swali hilo ndilo alilouliza Lombroso, na ndilo lililowagharimu watu halisi uhuru wao. Swali lenye tija zaidi ni nani mwenye nyumba, nani aliyetia sahihi, na nani aliyekubali kunyamaza.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Msomaji wa mwaka 1929 alipewa Gagool, na kwa hiyo alifundishwa kuutafuta uovu katika sura inayofanana na yake. Mwanafunzi wetu anapaswa kuisoma riwaya ya Haggard sambamba na ile hadithi ya Stevenson iliyotoka miezi michache baadaye, ili aone kwamba kizazi kile kile kilichouona uovu Afrika kilikuwa pia na mlango wa nyuma nyumbani kwake, na kwamba waandishi wake wenyewe waliuonyesha.