Foronya, mto na mchago: Historia iliyolala kitandani

KATIKA maduka ya matandiko hapa Mutomo, kusini mwa Kitui, siku hizi neno ni moja tu: pilo. Ukitaka kile cha kulalia, ni pilo. Ukitaka kitambaa cha kukivika, pia ni pilo, au ukibahatika, 'pilokesi'. Kile kinene cha kuegemea kwenye kochi nacho ni pilo. Majuzi nilimwomba kijana mmoja muuzaji anitolee foronya mbili. Akanitazama kwa heshima zote, kisha akauliza: "Mwalimu, hiyo ni dawa ya nini?"

Foronya si dawa, ingawa nitaonyesha hapa chini kwamba kijana huyo hakukosea sana. Ni kile kitambaa kilichoshonwa kama mfuko ambacho mto huvishwa na kuvuliwa. Neno hili lina umri mkubwa. Limetokana na 'fronha' la Kireno. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka wa 1593, na wakang'olewa humo mwaka wa 1698. Walichotuachia kilugha si kingi, na sehemu kubwa yake ni vitu vya nyumbani na vya kila siku: meza, leso, mvinyo, bendera. Hata gereza ni lao, japo kwao 'igreja' ni kanisa, na namna kanisa lilivyogeuka gereza ni kisa cha siku nyingine. Foronya imo katika kundi hilo. Kwa hivyo, mtu anayelitupa neno hili kwa kudhani ni la kizamani anatupa kitu kilichodumu Afrika Mashariki kuliko Wareno wenyewe.

Sasa mto. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini cha kulalia kikaitwa sawa na cha maji. Hapa kwetu swali lina utani wake, maana Mto Tiva huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na watu huchimba mchangani kutafuta maji. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunieleza, tena kwa uhakika, kwamba wa kitandani uliitwa mto kwa sababu mate hutiririka juu yake usiku kucha. Darasa zima lilicheka, lakini alikuwa akifanya kazi ya mwanaisimu: alikuwa akitafuta uhusiano wa maana. Kama uhusiano ungekuwepo, tungesema neno ni moja lenye maana nyingi, yaani polisemi. Mimi nauona ni homonimi, maneno mawili yaliyokutana kwa sauti. Mto mdogo wa maji ni kijito. Hebu niambie, umewahi kumsikia mtu akisema amemnunulia mwanawe kijito cha kulalia? Mimi sijawahi.

Takia lilikuja kwa njia nyingine. Lina ndugu katika Kiajemi, na katika Kihindi na Kiurdu 'takiya' ndiyo ya kulalia. Waswahili wakalipa kazi yao: takia likawa lile kubwa la kuegemea mtu akiwa ameketi, na mto ukabaki wa kulalia. Sufi iliyojazwa ndani ilipata jina lake kutokana na neno la Kiarabu la manyoya ya kondoo, lile lile lililotupa sufu. Ila sufi haitoki kwa mnyama. Hutoka kwenye tunda la msufi, mti wenye asili ya Amerika ya kitropiki. Uzi wake una uwazi ndani kama mrija, hushika hewa na hukataa maji, na ndiyo sababu ulitumika hata kujaza maboya ya kujiokolea baharini.

Na kabla ya haya yote? Hapa ndipo wengi husema kwa dharau kwamba babu zetu walilalia mawe. Jamani, tuwe waangalifu. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka wa 1922, vilikutwa vilalio vya kichwa, kimojawapo cha pembe ya ndovu, na hakuna anayesema mfalme wa Misri alikosa uwezo wa kujinunulia mto. Waturkana wana 'ekicholong', kigoda kidogo cha mti ambacho mchana mtu hukikalia na usiku hukilalia kichwa ili mitindo ya nywele isiharibike. Wasomali wana kilalio chao cha mti, 'barkin', na jina hilo hilo hutumika leo kwa mto laini wa dukani. Kwa Washona wa Zimbabwe chombo hicho kinaitwa 'mutsago'.

Tamka tena polepole: mutsago. Sasa fungua kamusi ya Kiswahili utafute mchago. Utaambiwa ni upande wa kitanda unakowekwa kichwa. Maneno haya yanafanana kwa umbo na kwa maana kiasi kwamba kwangu kuyaita ndugu si kuvuka mpaka. Nionavyo mimi, mchago lilikuwa jina la chombo cha kulalia kichwa, na mto ulipokishika nafasi, jina halikufa. Lilihamia mahali chombo kilipokuwa kikikaa.

Sisi wa Ukambani tuko karibu na historia hii kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Vigoda vya wazee wetu vya miguu mitatu, 'ivila', vilinakshiwa kwa waya wa aina hiyo. Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849 akapokewa na Kivoi, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Bidhaa haisafiri bila jina lake.

Kwa nini haya yanihangaishe? Jirani yangu ana mtoto mwenye pumu. Katika kituo kimoja cha afya aliambiwa "abadilishe pilo kila wiki". Akahesabu: mito minne kwa mwezi! Akarudi nyumbani akanyamaza, asibadilishe chochote. Miezi ikapita, mtoto akikohoa usiku. Aliyemshauri alimaanisha foronya. Utitiri wa vumbi, ambao haonekani kwa macho, hukaa kwenye matandiko na huwachochea baadhi ya wagonjwa wa pumu. Kufua foronya kwa maji moto kila wiki hupunguza balaa lake. Nilipomweleza, alinijibu: "Sasa mwalimu, si wangesema tu ni nguo ya mto!" Alishonesha mbili kutoka kwa leso kuukuu, Kireno juu ya Kireno. Na kwa mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi, tofauti kati ya kufua foronya na kufua mto mzima si jambo dogo.

Mto wenyewe hutunzwa kulingana na kilichomo. Wa sufi usiutose majini: uanike juani, na jua hapa halina bei, uupigepige, na ukishikana mabonge fungua mshono uichambue sufi kwa vidole. Wa sponji utoe vumbi kivulini penye upepo, kwani jua kali huuvunjavunja. Wa nyuzi za plastiki mara nyingi hufulika, mradi ukauke hadi ndani. Ukitaka kujua kama umechoka, ukunje katikati uuachilie; usipojikunjua, umekwisha.

Kuchagua nako si suala la bei. Alalaye ubavu anahitaji mto mnene wa kujaza nafasi kati ya bega na sikio. Alalaye chali, wa wastani. Alalaye kifudifudi, mwembamba au asiwe nao kabisa. Lengo ni shingo iwe sambamba na uti wa mgongo. Mtoto asiyetimiza mwaka asiwekewe mto wowote.

Na mwenye kiungulia cha usiku, akiambiwa ajiinue kichwa, asirundike mito mitatu, maana hiyo hukunja shingo na tumbo. Ainue mchago. Neno tunalo tayari: atie matofali au vipande imara vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke kama shubiri moja, kisha alale na mto wake ule ule mmoja.