Ujira wa Wanaojitolea

Katika miaka yangu ya ualimu nimeliona neno moja likitajwa kwa heshima, kisha likageuzwa kuwa kisingizio. Neno hilo ni "kujitolea".

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Huku Songea, kama kwingineko, watu waliweka majembe chini na kwenda kujifunza. Viongozi wa vikundi hawakudai mshahara. Kampeni ilikuwa ya majuma 12. Ilipokwisha, kila mtu alirudi shambani kwake.

Baada ya mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978, mambo yalikuwa mengine. Vijiji vilichagua wahudumu wa afya, na serikali za vijiji zikatakiwa ziwalipe. Lakini miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba, na vijiji vingi havikuwa na kitu. Kazi nayo haikuwa ya majuma 12. Watoto hupimwa uzito kila mwezi, na wajawazito hawangoji msimu. Wengi waliiacha kazi hiyo, wakalaumiwa kwamba hawakuwa na moyo.

Moyo walikuwa nao. Namkumbuka mama mmoja aliyezunguka nyumba kwa nyumba wakati wa palizi. Magugu yakayashinda mahindi yake, na mwaka ule akanunua chakula kwa wale wale aliowahudumia. Walimshukuru sana, lakini shukrani haijazi kibaba.

Ibara ya 23 ya Katiba yetu inatambua haki ya kila afanyaye kazi kupata malipo ya haki. Kazi ya huruma haikutengwa.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Ni jambo jema. Lakini, ndugu msomaji, yaliyopita yanatutaka tuulize mapema: nani atawalipa, kutoka mfuko gani, na kwa muda gani? Anayejitolea hutoa kilicho chake kwa hiari. Anayetumwa kila siku, akapangiwa kazi na kudaiwa taarifa, huyo ni mfanyakazi. Tumlipe.