Kilemba Kwenye Usukani

Anayesafiri kwa barabara kati ya Mombasa na Nairobi hulijua hekalu la Makalasinga la Makindu. Lilijengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, na hadi leo mpita njia wa dini yoyote huvua viatu, akafunika kichwa, akala chapati na dengu bila kudaiwa senti. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli hiyo tangu 1896. Makalasinga waliokuwamo, na mafundi na polisi waliowafuata, walichapa kazi na vilemba vyao kichwani.

Mzozo kuhusu kilemba ulizuka Uingereza kwenyewe, tena kwenye mabasi. Mwaka 1967 Tarsem Singh Sandhu, dereva katika mji wa Wolverhampton, alirudi kutoka likizo ya ugonjwa akiwa amefuga ndevu na kupiga kilemba. Kanuni ya sare ilitaka kofia na kidevu kilichonyolewa, akarudishwa nyumbani. Halmashauri ya mji, yenye mabasi, ilishikilia kwamba kanuni aliikubali siku alipoajiriwa. Hoja hiyo ina uzito wake, maana mkataba ni mkataba. Lakini dola hiyohiyo ya Uingereza ilikuwa imewapeleka askari wa Kalasinga kwenye vita vikuu viwili wakiwa na vilemba, na wengi wakafa navyo. Kumbe kilichofaa mbele ya mizinga hakikufaa mbele ya abiria!

Maelfu ya Makalasinga wakaandamana. Aprili 1968 Enoch Powell, mbunge wa mji huo, akalitia suala hilo katika hotuba yake mashuhuri ya kuwapinga wahamiaji. Hapo ndipo alipojitokeza Sohan Singh Jolly, aliyewahi kuwa inspekta wa polisi Kenya. Alitangaza kwamba marufuku isipoondolewa atajichoma moto tarehe 13 Aprili 1969, sikukuu ya Vaisakhi. Serikali ya London ikaingiwa na hofu, halmashauri ikabanwa, na siku nne kabla ya tarehe hiyo ikasalimu amri huku ikinung'unika. Kwa maoni yangu, haki inayosubiri mtu atishie kujiua imechelewa mno.

Sheria zilifuata polepole. Mwaka 1976 Kalasinga mwenye kilemba aliruhusiwa kuendesha pikipiki bila helmeti; mwaka 1989 ikawa hivyo kwenye maeneo ya ujenzi, na mwaka 2015 karibu kila mahali pa kazi, isipokuwa hali chache za hatari za wazima moto na wanajeshi. Ruhusa hiyo ina gharama yake. Fundi mwenye kilemba akiangukiwa na tofali kichwani, anaweza kudai fidia kwa kiasi tu cha madhara ambayo yangempata hata kama angevaa helmeti. Yanayozidi hapo ni mzigo wake mwenyewe.