Lishe, Vitamini na Nyongeza: Historia ya Istilahi Katika Mitelemko ya Kilimanjaro

Istilahi haitungwi kwa ajili ya kamusi peke yake. Mara itokapo katika karatasi za kamati huingia zahanati, darasani na dukani, na huko huwaongoza watu kutenda jambo hili au lile. Ukweli huu huonekana wazi katika maneno yahusuyo lishe. Mama wa Moshi mwenye fedha kidogo, anayejiuliza kama anunue chupa ya vidonge vya vitamini au aongeze maharage, mboga na maziwa katika mlo wa nyumbani, haamui kwa kemia. Huamua kwa maneno aliyopewa. Maneno yakiwa na utata, uamuzi wake nao huwa na utata. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kufuata historia ya mitelemko ya Kilimanjaro, jinsi dhana ya chakula ilivyogawanyika ikazaa istilahi kadhaa, na kupendekeza mipaka ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hawana budi kuilinda.

Vyakula vya kihamba

Kabla ya neno vitamini kufika, Wachaga walikuwa na utaratibu wao wa kulisha. Kihamba kilikuwa na migomba ya aina nyingi, mathalani mchare. Kilikuwa na mboga kama mnafu, na ng'ombe na mbuzi waliolishwa zizini. Maji yalishuka kwa mifereji iliyochimbwa na wenyeji. Huko tambarare kulilimwa ulezi, na baadaye mahindi na maharage. Vyakula vilitajwa kwa upishi wake: mtori, yaani ndizi zilizopondwa pamoja na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, kitawa cha ndizi na maziwa, na mlaso, ambao ndani yake mna damu ya mnyama.

Baadhi ya vyakula hivyo vilikuwa na mlaji wake maalumu. Mwanamke aliyejifungua alipumzishwa na kupewa mtori, maziwa na mlaso ili arudishe nguvu. Hapakuwa na neno la madini chuma wala la protini, lakini damu na nyama zina madini chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, na maziwa yana protini na kalisi. Hii si kusema kwamba zamani hapakuwa na njaa, ilikuwapo. Tunachosisitiza ni kwamba lugha ya kihamba ilitaja mlo mzima pamoja na mtu anayestahili kuula, wala haikutaja kiini kimoja kilichotengwa na chakula chake.

Kuzaliwa kwa neno vitamini

Neno vitamini ni changa. Mwaka 1747 daktari wa meli za Kiingereza, James Lind, alionyesha kwamba mabaharia wenye ugonjwa wa kiseyeye walipona walipopewa machungwa na malimau. Katika miaka ya 1890 Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakiugua ugonjwa uliofanana na beriberi. Mwaka 1912 Casimir Funk, mwanasayansi wa Kipole aliyekuwa akifanya kazi London, aliunga neno la Kilatini lenye maana ya uhai na neno la kemia, akapata jina alilovipa viini hivyo. Mwaka 1920 jina hilo lilifupishwa kidogo, baada ya kubainika kwamba si viini vyote vyenye asili ya kikemia aliyoidhania Funk. Katika miaka ya 1930 viwanda vilianza kutengeneza vitamini C bila tunda lolote. Hivyo iliwezekana kununua vitamini pasipo kununua chakula.

Neno hili lilipoingia katika Kiswahili lilileta tatizo dogo la sarufi. Kwa kuwa linaanza na vi-, baadhi ya wasemaji hulipatanisha kama vitabu na viti, wakasema "vitamini vingi". Lakini hakuna "kitamini" kimoja. Matumizi yafaayo ni ya ngeli ya majina ya kigeni: vitamini hii, vitamini hizi, vitamini A.

Kahawa na utapiamlo

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaanzishwa. Kilimanjaro ikasifiwa kwa shule, makanisa na nyumba za bati. Lakini Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, miongoni mwa watoto walioletwa walikuwamo wenye kwashakoo, ugonjwa ambao Kiswahili huuita pia unyafuzi. Jina la kwashakoo lenyewe lilitoka kwa Waga wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Daktari Cicely Williams aliliingiza katika maandishi ya utabibu mwaka 1935. Kwa Waga lilikuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa katika nafasi yake na mdogo wake anayezaliwa. Jina hilo halikutaja kiini kilichopungua bali lilitaja jambo lililotokea nyumbani.

Mwaka 1975 Marja-Liisa Swantz, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla walitoa uchunguzi wao juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Swali lilikuwa zito: kwa nini mtoto akonde katika wilaya yenye kahawa, ndizi na maziwa? Majibu hayakupatikana katika chupa ya dawa. Vihamba vilikuwa vimegawanywa vikawa vidogo mno, kaya nyingine hazikuwa na ardhi ya kutosha, na mzigo wa kulisha watoto ulimwelemea mwanamke ambaye aghalabu hakuwa na mamlaka juu ya fedha za kahawa. Mtoto wa namna hiyo hakupungukiwa na vitamini moja; alipungukiwa na mlo.

Katika miaka hiyo hiyo taifa lilikuwa likijipatia msamiati. Sheria ya mwaka 1973 iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Kampeni ya Mtu ni Afya ilifanyika mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975, kwa redio na vikundi vya kusoma vijijini. Neno lishe, lenye mzizi mmoja na kula na kulisha, lilienea nchi nzima. Watoto wa shule walifundishwa makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Wataalamu wa baadaye waliongeza idadi ya makundi, lakini ubora wa istilahi hizo tatu ulikuwa kwamba kila moja ilitaja chakula na kazi yake kwa pamoja.

Kazi ya kidonge na mipaka yake

Isidhaniwe kwamba tunadharau vidonge. Tangu mwaka 1987 Tanzania imetumia matone ya vitamini A, kwanza kwa watoto wenye magonjwa maalumu, na tangu mwaka 2001 kwa kampeni za mara mbili kwa mwaka kwa walio chini ya miaka 5. Ini huhifadhi vitamini hiyo kwa miezi, na ndiyo sababu mara mbili hutosha. Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Dar es Salaam kwa wanawake wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI: vidonge vya vitamini mchanganyiko vilipunguza vifo vya watoto tumboni kwa asilimia 39. Utafiti mwingine wa mwaka 2007, kwa wajawazito 8,468 wasio na virusi hivyo, ulionyesha watoto wenye uzito pungufu wakishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8.

Iko pia mifano ambayo chakula cha nyumbani pekee hakiwezi kutosha. Katika nyanda za juu mvua huosha iodini katika udongo. Mboga ya shamba hilo, hata ikiwa nyingi, haitazuia rovu. Hapa chumvi yenye madini joto ndiyo dawa.

Hata hivyo, kuzidisha si kuongeza afya. Mwaka 1994 utafiti wa Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, kiini kile kile cha karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Vitamini A nyingi mno humdhuru mtoto aliye tumboni. Na huko Dar es Salaam, utafiti uliotangazwa mwaka 2012 kwa wagonjwa waliokuwa tayari wakitumia dawa za kufubaza virusi ulisimamishwa mapema, kwa sababu vitamini za kiwango kikubwa hazikuwafaa kuliko za kiwango cha kawaida, na dalili za madhara ya ini zilionekana.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, dhana nne zinastahili kutenganishwa.

(a) Lishe libaki jina la mlo na namna mwili unavyoutumia. Kuita kidonge "lishe" ni kukipa kidonge cheo cha chungu kizima.

(b) Kwa kile kinachomezwa pembeni mwa chakula, tutumie virutubishi vya nyongeza. Neno nyongeza lina faida kubwa: humkumbusha msikiaji kwamba lazima kiwepo kwanza kile kinachoongezewa.

(c) Kwa unga, mafuta na chumvi vinavyotiwa virutubishi kiwandani, tuseme vyakula vilivyoongezwa virutubishi. Asitokee mfasiri wa kuvichanganya na (b).

(d) Kwa chakula ambacho hakikuondolewa sehemu zake, tusihangaike kutunga "chakula kizima", ambacho msikiaji atadhani ni chakula kisichokatwa. Wananchi wana dona mbele ya sembe, na wanajua mchele uliokobolewa. Chakula kisichokobolewa hutosha kwa nafaka, na vyakula asilia kwa vinginevyo.

Tahadhari ya mwisho ni juu ya msemo "vidonge vya kuongeza damu". Unaeleweka upesi, na hilo ni jema. Lakini huweza kumfanya mjamzito aogope damu kuzidi, au adhani kwamba mnafu, maharage na nyama havina kazi hiyo. Vidonge vya madini chuma ni bora, mradi mhudumu aeleze kazi yake.

Mwalimu wa Marangu au mhudumu wa zahanati ya Machame akiyatumia maneno haya kwa mipaka yake, mama ataweza kuuliza swali lililo sahihi: mlo wangu umepungukiwa na nini, na je, pengo hilo hujazwa kihambani, sokoni au zahanati? Likishaulizwa hivyo, fedha yake ndogo itakwenda mahali panapostahili.