Kuvuja Mkojo kwa Shinikizo

Kuvuja mkojo kwa shinikizo ni hali ya mkojo kutoka bila hiari tumbo linapokazwa ghafla: mwanamke anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka au anapojitwisha ndoo ya maji. Neno "stress" lililomo katika jina la Kiingereza la hali hii hutumika pia kwa msongo wa mawazo, hivyo kulifasiri kwa "msongo" hupotosha. Kinachotajwa ni nguvu inayokandamiza kibofu, nalo neno "shinikizo" hubeba maana hiyo.

Hali hii si sawa na kuvuja kwa haja ya ghafla, ambako mtu hubanwa na mkojo ukamtoka kabla hajafika chooni. Wala si fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambalo mara nyingi hutokana na uchungu pingamizi (mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa) na huvujisha mkojo mchana na usiku.

Kibofu na mrija wa mkojo hushikiliwa na misuli ya sakafu ya nyonga. Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto kinapopita ukeni, misuli hiyo hutanuka sana, pengine huchanika, na neva zake huweza kuumia. Mrija ukikosa egemeo imara, kikohozi kimoja hutosha kuusukuma mkojo nje.

Utafiti wa EPINCONT wa Norwei, uliochapishwa mwaka 2003, ulihusisha wanawake 15,307 wenye umri chini ya miaka 65. Kuvuja kwa shinikizo kulionekana kwa asilimia 4.7 ya wasiowahi kuzaa, asilimia 6.9 ya waliojifungua kwa upasuaji pekee, na asilimia 12.2 ya waliojifungua kwa njia ya kawaida pekee. Upasuaji basi huambatana na hatari ndogo kuliko kujifungua kwa njia ya kawaida, lakini hauiondoi, kwa kuwa ujauzito wenyewe huilemea nyonga kwa uzito na mabadiliko ya homoni. Watafiti walionya kuwa matokeo hayo yasitumiwe kuhalalisha ongezeko la upasuaji, ambao nao una hatari zake: kutokwa damu, maambukizi, na matatizo ya kondo katika mimba zinazofuata.

Tiba ya kwanza ni mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli ya nyonga, yaliyoenezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel kuanzia mwaka 1948. Yakifanywa kila siku kwa miezi kadhaa, wengi hupata nafuu. Yasipotosha, upo upasuaji wa kuutegemeza mrija wa mkojo.